Baba ameacha shotigani, mimi nimevunjiwa duka. Niombe leseni au niiache ilipo?

Mwana wa Muheza

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu wote. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili limeninyima usingizi karibu mwezi mzima.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini, upande wa Mikanjuni. Nauza saruji, nondo, bati, misumari na rangi, na pembeni nina dirisha la uwakala wa fedha za simu. Nyumba iko nyuma ya duka, ua ni mmoja, mlango wa jikoni unatazamana na mlango wa stoo. Tunaishi humo mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye tulimleta mjini baada ya baba kufariki.

Baba alikuwa mkulima wa michungwa na mahindi Muheza. Alikuwa na shotigani geji 12 ya mitutu miwili, aliyoinunua kihalali miaka ya themanini kwa sababu ya nguruwe pori na ngedere. Kitabu chake cha leseni alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na hati ya shamba. Kila Ijumaa akitoka msikitini alitandika mkeka barazani, akaifungua bunduki, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani ndani ya mitutu, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayetazama tundu la sindano. Sisi watoto tuzo yetu ilikuwa kupewa ganda tupu la risasi tulinuse. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuiona bunduki ile imeegemezwa ukutani. Ilikuwa mkononi mwake au ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Baada ya arobaini, kaka yangu na mimi tuliipeleka polisi pamoja na kitabu na risasi 11 zilizobaki, tukapewa karatasi ya kupokelewa. Hapo tukaona mambo yamekwisha.

Sasa, mwezi uliopita, usiku wa kuamkia Jumapili, mnamo saa nane na nusu, waliingia watu watatu. Mlinzi wangu, mzee wa watu wa Kilindi, walimfunga mikono kwa waya wa kufungia nondo waliouchukua dukani kwangu mwenyewe. Wawili wakakata grili. Wa tatu akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni na panga, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayemwamsha jirani daku: "Mama, kaeni ndani, hatuna shida na nyinyi." Nilikuwa nyuma ya mlango ule, nimeshika kipande cha nondo cha milimita 16, na watoto nimewarudisha chumbani kwa bibi yao. Kati yangu na lile panga palikuwa na mbao ya mninga ya inchi moja na nusu. Nilisimama hivyo robo saa nzima. Waliondoka na fedha ya mauzo, simu tatu za uwakala na roli za waya wa umeme. Askari walifika kumepambazuka.

Kaka ananiambia: bunduki ya baba ipo, ifuatilie, andikisha kwa jina lako, huyo mwenye panga asirudi. Mke wangu anasema siku bunduki itakapoingia ndani ya nyumba yenye watoto, yeye na watoto watatoka. Mama hasemi kitu, ila analia jina la bunduki likitajwa, na sijajua analilia baba au anatulilia sisi.

Naomba wenye uzoefu na silaha mniambie ukweli. Leseni ya baba inaweza kuhamia kwangu? Na kama ningekuwa nayo usiku ule, ningeruhusiwa kufyatua?

---

Mlenga Shabaha

Pole sana kaka, na Mungu amrehemu mzee. Kwa hayo uliyoyasimulia, baba yako alikuwa mmiliki wa silaha wa kweli. Mafuta ya cherehani kila Ijumaa! Kwa hewa hii yetu ya chumvi, bunduki ikikaa wiki mbili bila kufutwa unaona vidoa vya kutu vinaanza karibu na mdomo wa mtutu.

Mimi nina leseni na ninawinda kanga na kwale kwa kibali, miaka 14 sasa. Napenda bunduki, sifichi. Napenda uzito wake, napenda utulivu unaohitajika kabla hujafyatua. Kwa hiyo mimi nakwambia omba. Raia mwenye akili timamu, asiye na kesi, mwenye mali na familia ya kulinda, ndiye hasa mtu ambaye sheria ilimfikiria.

Lakini usidanganywe na maneno ya vijiweni kwamba shotigani "haikosi". Geji 12 maana yake ni kwamba goroli 12 za madini ya risasi, kila moja ikitosha mtutu huo, uzito wake kwa jumla ni ratili moja. Ndiyo maana geji 12 ni kubwa kuliko geji 20. Kipenyo chake ni kama milimita 18 na nusu. Ukifyatua, marisau, yaani vigololi vilivyomo ndani ya risasi, yanatanuka kwa kadiri ya sentimita mbili au tatu kwa kila mita. Kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa stoo, tuseme mita nne, mzigo wote unakwenda kama ngumi moja. Lazima ulenge. Gizani, moyo ukipiga kama ulivyokuwa ukipiga usiku ule, kulenga si kazi ndogo. Na ukikosa, goroli nzito zinapita kwenye bati na kwenye ubao, na nyuma ya ubao kuna mlinzi wako aliyefungwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: bunduki za zamani za mitutu miwili, hasa zilizotengenezwa Ulaya, nyingi zina chemba, yaani nafasi ya kutilia risasi nyuma ya mtutu, ya milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70 kwenda juu. Ya 70 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 65, kwa sababu kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa. Ikifyatuliwa, mdomo unakunjuka mahali pasipo na nafasi, na nguvu ya mlipuko inapanda. Fundi silaha aipime kabla mtu yeyote hajaitia risasi.

---

Wakili wa Ngamiani

Ndugu mwenye mada, pole kwa msiba na kwa uvamizi. Nitajibu ulichouliza.

Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi. Mlifanya sawasawa kuipeleka polisi. Anayeitaka aombe upya kwa jina lake, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi yanaanzia chini, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kwenye kamati za usalama hadi polisi. Majirani wanaokujua ndio wa kwanza kusema kama unafaa. Ukiwa mgomvi, mlevi au mpiga mke, mtaa unajua kabla polisi hawajajua. Na lazima ithibitike kwamba unajua kuitumia silaha yenyewe.

Kuhusu kufyatua, soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18A, 18B na 18C. Cha kwanza kinakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwingine, na kulinda mali. Cha pili kinakupa nguvu ya kadiri inayohitajika tu, basi. Ukizidisha na mtu akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Cha tatu kinaeleza pale ambapo hata kifo kinaweza kuwa ndani ya haki hiyo, kama vile unapokuwa na hofu ya kweli ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, au katika unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba usiku.

Usiku wako ule, mtu mwenye panga akivunja mlango na kuingia, nadhani ningeweza kukutetea nikiwa na moyo mkunjufu. Akiwa amesimama nje na kusema kaeni ndani, kesi yako ni nzito. Akiwa ameshageuka anakimbia na roli ya waya begani, umemfyatulia mgongoni, mimi wakili wako ningekuwa na kazi ya kuomba huruma tu.

---

Mwana wa Muheza

Ahsante wakili. Hilo la mgongoni limenigusa, maana nisiwafiche, walipokuwa wakitoka niliwaona kupitia upenyo. Huyo mwenye panga alikuwa wa mwisho. Alikuwa amenipa mgongo. Na hasira iliyonijia wakati ule, baada ya hofu kushuka, ilikuwa kubwa kuliko hofu yenyewe. Kama ningekuwa na shotigani mkononi, ningefyatua wakati huo. Si pale alipokuwa mlangoni. Wakati huo.

---

Mama wa Mabawa

Mwanangu, maneno uliyoyaandika hapo juu yasome tena wewe mwenyewe.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sitasimulia ya kazini, nitasimulia ya nyumbani kwetu, Handeni. Shemeji yangu alikuwa na gobore. Halikuwa na karatasi, lilitengenezwa na fundi wa kijijini kwa bomba, kitako cha mti wa mkenge, na alilitumia kwa nyani. Jioni moja alirudi shambani mvua ikimfukuza, akalitundika nyuma ya mlango likiwa na baruti na marisau ndani, fataki iko mahali pake. Alisema atalitoa kesho. Watoto wawili walikuwa wakicheza, mmoja ana miaka 11, mwingine 9. Wa miaka 9 ndiye aliyezikwa. Wa miaka 11 sasa ni mtu mzima, ana mke, na mpaka leo hawezi kukaa chumba kimoja na mama wa yule mwenziwe. Mama huyo hamchukii. Yeye mwenyewe ndiye hawezi.

Na shemeji alishtakiwa, maana kumiliki silaha bila leseni kunahesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi. Kwa hiyo familia ilipoteza mtoto, kisha ikampoteza baba kwa muda mrefu.

Mke wako hajakataa kwa sababu ya woga. Anafanana na mimi.

---

Mtanga wa Houston

Salamu kutoka mbali. Nimezaliwa Chumbageni, nipo Marekani mwaka wa 19. Nataka nitoe upande mwingine, kwa heshima kwa Mama wa Mabawa, ambaye kisa chake kimeniumiza.

Huku haki ya kumiliki silaha imo kwenye Katiba tangu 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama yao ya Juu ilisema waziwazi kwamba mtu ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Ninayo moja. Iko ndani ya kasha linalofunguka kwa alama ya kidole, karibu na kitanda. Sijawahi kuielekeza kwa mtu na naomba nisifike huko. Lakini nikisoma kwamba askari walifika kumepambazuka, nauliza: huyu ndugu yetu robo saa ile alikuwa mikononi mwa nani? Alikuwa mikononi mwa huruma ya mwenye panga. Mimi sikubali familia yangu iishi kwa huruma ya mwenye panga. Huo ndio msimamo wangu, na nausema nikiwa nimeufikiria.

---

Wakili wa Ngamiani

Ndugu wa Houston, hoja yako ya robo saa ile ni nzito na sitaipuuza. Ila weka na upande wa pili wa hesabu ya huko huko ulipo. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani walikuwa 48,830, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi ikamkuta mwenye nyumba siku yake mbaya.

Na kuna nchi zilizochagua njia nyingine. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, walibana sheria, serikali ikanunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Huko mkulima mwenye wanyama waharibifu anapata leseni, mlenga shabaha anapata, lakini ukiandika kwenye fomu "kujilinda", hiyo haihesabiwi kuwa sababu. Uingereza nao, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka huo huo, waliziondoa karibu bastola zote mikononi mwa raia.

---

Mlenga Shabaha

Wakili, Australia ni kisiwa kikubwa chenye polisi wenye magari. Kumlinganisha mkulima wa huko na mwenye duka wa Mikanjuni si haki. Mhalifu wa hapa haombi leseni, na hasubiri kamati ya usalama ikae.

---

Mzee wa Mkonge

Vijana, salaam. Mimi nimelinda mashamba ya mkonge, njia ya Pangani, kwa miaka 22, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilipewa shotigani ya kampuni. Nataka niseme jambo moja ambalo hamjaligusa.

Bunduki yenyewe ni mali inayotafutwa. Mwizi wa saruji anataka saruji. Akijua ndani kuna bunduki, anakuja mwizi wa aina nyingine, na yule hasemi "mama, kaeni ndani". Mnakumbuka mwanzoni mwa 2015 hapa hapa Tanga, askari polisi walivamiwa wakanyang'anywa bunduki zao, na Februari watu wakasikia milio ya risasi upande wa Amboni, kwenye mapango. Hao walikuwa askari, wawili, wenye mafunzo. Wewe uko peke yako na watoto watatu.

Katika miaka yangu yote nilifyatua kwa ajili ya wezi mara mbili, zote hewani. Yaliyonilinda yalikuwa mbwa wawili, taa, na kujuana na watu. Nilipokuwa sina mbwa, nilikuwa silali hata nikiwa na bunduki kifuani.

Mwanangu, wale walijua dirisha la uwakala lina fedha usiku wa Jumamosi. Nani aliwaambia? Anza hapo. Halafu mlinzi wako mpe filimbi na mwenzake, mlinzi mmoja ni wa kufungwa tu. Mlango ule wa mninga ndio uliokulinda, uongezee komeo la chuma juu na chini. Fedha ya uwakala isilale ndani, kila jioni iende benki au kwa wakala mkuu.

Na kama mzee aliinunua kwa nguruwe, basi nguruwe bado wapo.

---

Mwana wa Muheza

Nimechukua siku nne bila kujibu, niwieni radhi. Nilikwenda Muheza.

Nilimsomea kaka majibu yenu yote, tumekaa palepale barazani baba alipokuwa akitandika mkeka. Ya Mama wa Mabawa nilishindwa kuyamaliza, akachukua simu akasoma mwenyewe. Asubuhi tukatembea shambani. Mahindi mistari miwili ya upande wa bondeni imelala chini yote, nguruwe wameingia juzi, na nyayo zao zimejaa maji ya mvua. Maneno ya mwisho ya Mzee wa Mkonge yakanijia hapo hapo.

Tumekubaliana hivi. Mimi siombi. Ndugu wa Houston, nimekuelewa, na ile robo saa sitaisahau, wala siwalaumu walio na msimamo wako. Ila mimi najijua nilichotaka kukifanya kupitia ule upenyo, na mtu aliyetaka kufanya vile hapaswi kwenda mbele ya mwenyekiti wa mtaa kusema anafaa. Atakayeomba ni kaka, kijijini kwake, kwa ajili ya shamba, sababu ile ile aliyoiandika baba. Anaishi peke yake na mkewe, watoto wao wameshaoa na kuolewa, na lile sanduku la chuma bado liko chumbani limefungiwa sakafuni. Serikali ya kijiji wakimkubali, sawa. Wakimkataa, bunduki ibaki huko iliko.

Dukani nimeshatia makomeo mawili ya chuma, na taa ya jua juu ya stoo. Mlinzi wangu amerudi kazini, vifundo vya mikono bado vina alama za waya. Amemleta mjomba wake wa kusaidiana naye. Na kuhusu nani aliwaambia, nimepata pa kuanzia, sitalisema hapa.

Nilimweleza mama tulivyoamua. Alinyamaza, kisha akauliza kama polisi watatupa ile kamba ya ufunguo iliyokuwa shingoni kwa baba. Tuliiacha kwenye kufuli la kasha dogo la risasi tulilowapelekea, wala hatukuikumbuka. Wakili, ile karatasi ya kupokelewa imeorodhesha bunduki, kitabu na risasi 11 tu, kasha na kamba havimo. Nikienda Jumatatu, nianzie kwa nani?

Na Mlenga, hicho kipimo cha chemba, fundi anaweza kukisoma kwenye mtutu wenyewe au ni lazima apime? Kaka anataka aandike kabla hajasahau.

---

Mlenga Shabaha

Aitazame chini ya mitutu, pale inapokutana na mtambo, baada ya kuifungua. Nyingi zimechongwa namba hapo, 65 au 70. Bunduki ya zamani inaweza kuwa imetanuliwa chemba baadaye na namba isibadilishwe, kwa hiyo hata akiiona, apime.

---

Wakili wa Ngamiani

Nenda na kaka, na nakala ya ile karatasi. Muulize mkuu wa kituo akuonyeshe mtunza vielelezo, umweleze kama ulivyotueleza. Ni kamba ya marehemu, wataelewa.